Basi la shule Marekani ni daladala isiyo na konda: jibu kwa mnaoniuliza hiyo kazi

Denti wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Kila wiki napata ujumbe uleule, wa walioko huku na walioko nyumbani: "Kaka, nasikia huko wanatafuta madereva wa mabasi ya shule mpaka wanabandika matangazo kwenye mabasi yenyewe. Inalipaje?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Naweka uzi huu, atakayeuliza tena namtupia huku.

Mimi naendesha basi la njano, huu ni mwaka wa tatu wa masomo. Wilaya ya shule iliyoniajiri sitaitaja, ugali wangu unapikwa pale. Kabla ya hapo nilibeba boksi ghalani miaka minne, shifti ya usiku, mpaka mgongo ukaanza kunidai.

Nianze na lililo kweli: madereva hawatoshi, na si porojo za matangazo. Taasisi ya Economic Policy Institute ya Washington ilihesabu madereva wa mabasi ya shule wapatao 192,400 nchi nzima Septemba 2023, pungufu kwa asilimia 15 hivi kulinganisha na Septemba 2019. Hii ilikuwa kazi ya wastaafu. Mzee amemaliza miaka yake kiwandani, anataka bima na cha kufanya asubuhi. Korona ilipoingia hakuona sababu ya kufungiwa ndani ya bati na watoto 60 wanaokohoa. Akaenda nyumbani, hakurudi. Wenye leseni waliobaki wakachungulia nje, wakaona malori na kampuni za vifurushi zinatoa saa nane kamili kwa siku, na kifurushi hakimtukani mtu.

Mwaka 2021 gavana wa Massachusetts, Charlie Baker, aliruhusu hadi askari 250 wa National Guard waitwe kuendesha magari ya wanafunzi. Askari, wakuu! Philadelphia ikawa inawalipa wazazi dola 300 kwa mwezi wapeleke watoto wao wenyewe. Chicago mwaka 2023 ilibaki na nusu hivi ya madereva iliowahitaji, ikasitisha mabasi kwa wanafunzi wengi, ikawabakizia wenye ulemavu na wasio na makazi ya kudumu. Wengine wakaelekezwa kwenye treni na mabasi ya jiji.

Ila kisa kinachosimuliwa yadi zote ni cha Louisville, Kentucky. Naamini humu wapo waliokiona kwa macho, maana ndugu zetu Wakongo wamejaa ule mji na Kiswahili ni kati ya lugha zinazosikika sana kwenye shule zao. Ili uelewe, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1975 mahakama iliamuru shule za pale zichanganye watoto weusi na weupe, mabasi yakaanza kuukata mji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa namna walivyokuwa wakiwapanga watoto kwa rangi, lakini mazoea ya mtoto kusoma mbali na kwao yalibaki. Ruti zikawa ndefu. Madereva nao wakapungua mwaka hadi mwaka. Wilaya ikaajiri kampuni ya AlphaRoute ya Massachusetts ipange ruti upya kwa kompyuta, na muda wa kuanza shule ukatoka mipangilio miwili hadi tisa, ili dereva mmoja abebe shule nyingi zaidi kwa zamu. Kwenye karatasi ilipendeza.

Siku ya kwanza ya shule ikawa tarehe 9 Agosti 2023. Mtoto wa mwisho alishushwa saa nne kasoro dakika mbili usiku. Shule zikafungwa. Wadogo walirudi tarehe 18, wa sekondari tarehe 21. Mwaka uliofuata bodi ikaona bora lawama kuliko aibu, ikaondoa mabasi kwa shule za kuchaguliwa (zile mzazi anazomwombea mtoto badala ya shule ya mtaani kwake), na watoto kama 16,000 wakaambiwa watafute usafiri wao.

Sasa njoo kwenye swali la "inalipaje".

Mimi nalipwa dola 23 kwa saa. Usishangilie kwanza. Naingia yadi saa kumi na moja alfajiri, nalizunguka basi na tochi: taa, tairi, breki za upepo, mlango wa dharura, mkono wa kusimamisha magari. Saa tatu asubuhi nimemaliza. Halafu narudi saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Ile katikati hailipwi, na huwezi kuipeleka kazi nyingine ya maana kwa sababu ni siku iliyokatwa vipande. Kiangazi hakuna kazi, na majimbo mengi hayakulipi fao la kukosa ajira, eti una uhakika wa kurudi. Kwa hiyo dola 23 ukiitandaza kwenye mwaka inakuwa kitambaa chembamba. Bima ya afya ndiyo inayowakalisha wengi, mimi nikiwemo.

Lakini pesa siyo inayowaondoa watu. Tangu niingie wameacha tisa kwenye yadi yetu, na wote nilikunywa nao chai. Pesa waliilalamikia kila siku, kama sote. Siku ya kuondoka wakasema kitu kingine.

Ngoja niwakalishe kwenye kiti changu. Basi lina urefu wa mita kama 12, viti virefu vya mgongo mnene, watoto watatu kwa kiti wakiwa wadogo. Wakijaa ni sabini na kitu. Majimbo machache ndiyo yanayolazimisha mikanda kwenye mabasi makubwa. Kwingine usalama wa mtoto ni kiti chenyewe: vimepangwa karibukaribu na vimejazwa sponji ili likipigwa basi mtoto agonge sponji ya mbele yake, kama yai kwenye trei. Ubunifu mzuri sana, kwa sharti kwamba yai limekaa kwenye trei. Mtoto aliyesimama, aliyekaa kinyumenyume, aliyelala kwenye ujia akijifanya maiti ili wenzake wamrekodi, huyo hana kinga yoyote. Kwa hiyo nikipiga kelele "kaeni chini" si kwamba nina roho mbaya ya kizee.

Na ninawaona kwa kutumia nini? Kwa kioo. Kioo kimoja juu ya kichwa changu, chenye watu sabini ndani yake, wakati huohuo natakiwa nitazame barabara, vioo vya pembeni, na yule mwenye gari dogo anayetaka kunipita nikiwa nimewasha taa nyekundu za kuzuia magari.

Reli ndiyo mtihani wangu wa kila siku. Basi la shule likifika kwenye njia ya treni linasimama, dereva anafungua mlango na dirisha, anasikiliza. Somo hilo lilipatikana kwa damu: mwaka 1938 huko Utah, katikati ya theluji, treni iliparamia basi la shule ikaua watoto zaidi ya 20. Sasa unasikiliza nini wakati nyuma yako kuna uwanja wa Simba na Yanga? Wanajua kabisa kwamba pale nahitaji kimya. Kwa hiyo palepale ndipo wanapoanza. Mwaka wangu wa kwanza kuna siku nilikaa relini dakika sita, mlango wazi, nimekunja mikono, foleni ya magari nyuma inapiga honi, nasubiri wanyamaze. Walinyamaza. Jioni nikaitwa ofisini kwa kuchelewa.

Tukio lililonifanya niandike barua ya kuacha kazi (iko kwenye droo mpaka leo) ni la mwaka jana. Tuko kwenye taa, nasikia kengele ya mlango wa dharura. Kijana wa darasa la saba ameufungua mlango wa nyuma, anatoa miguu nje, wenzake wanarekodi. Nikavuta breki ya mkono, nikawasha taa za tahadhari, nikatembea mpaka nyuma, nikafunga mlango. Kumgusa mtoto hairuhusiwi. Kumshusha pale pia hairuhusiwi: mtoto anashushwa kituoni kwake au shuleni, basi. Nikarudi mbele nikaita ofisi kwa redio, nikaeleza. Sauti ya upande wa pili ikaniuliza jambo moja tu:

"Unaweza kuendelea?"

Si "watoto wako salama", si "tunatuma mtu". Nikasema naweza. Nikajaza fomu, nikaikabidhi. Kesho yake asubuhi kijana yuko kituoni, ananipungia mkono. Fomu yangu ilikuwa kwenye trei ya mezani kwa mtu fulani. Ilijibiwa baada ya siku kumi na moja: ameongea naye.

Wakuu, mimi nimesoma Mbagala. Asubuhi tunagombania daladala za Kariakoo, konda amesimama mlangoni kama mlinzi wa peponi: "Wanafunzi wawili tu! Wewe denti shuka!" Tulimchukia yule mtu kwa moyo wote. Tulimtukana, tulimlipa pungufu, tuliruka likiwa bado linatembea. Na dereva? Dereva hatukumjua hata sura. Alikuwa shingo tu, kule mbele. Kazi yake ilikuwa barabara. Vurugu zote zilikuwa za konda.

Basi la shule la Marekani halina konda. Ndiyo siri nzima. Dereva ndiye konda, ndiye mwalimu wa zamu, ndiye nesi wa anayetapika, ndiye hakimu, na yote hayo ameyapa mgongo. Wasimamizi wapo, lakini karibu wote wamewekwa kwenye mabasi ya watoto wenye mahitaji maalumu, na wao pia hawatoshi.

Halafu uhaba unajizaa wenyewe. Jirani yangu wa ruti akiacha, ruti yake inagawanywa. Namaliza watoto wangu, narudi kubeba wake. Wale wa pili wamekaa kwenye ukumbi wa michezo dakika hamsini wakisubiri, mwalimu mmoja amewasimamia anatazama saa. Nafika, wanaingia wamekwishachemka, wana njaa, wananichukia kwa kuchelewa ambako hakukuwa kwangu, wanakaa wanne kwa kiti. Baada ya miezi miwili na mimi naanza kutafuta matangazo ya malori. Mtu akisema "watoto wa siku hizi wameharibika ndiyo maana madereva wanakimbia", mimi namwambia abebe ruti ya pili wiki moja aone anayeanza kuharibika ni nani.

Nimalizie na kichekesho, maana naona nimewatia huzuni.

Mwezi wangu wa pili kulikuwa na vijana watatu viti vya nyuma, wa familia zilizotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kiswahili chao cha Kigoma kabisa, safi. Wananisema mimi kila siku kwa raha zao: kichwa changu, tumbo langu, kofia yangu. Wanadhani ni Mmarekani mweusi. Nikavumilia wiki mbili, nilikuwa nafaidi. Siku moja mkubwa wao akasema huyu mzee anaendesha kama anapeleka maiti. Tuko kwenye taa nyekundu. Nikamtazama kwenye kioo nikasema taratibu: "Marehemu akiharakishwa hafiki mapema, baba. Na mama yako anapatikana saa ngapi nimpe salamu?"

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hata relini.

Karibuni kwa maswali.

---

Mtoto wa Mkwawa

Umetisha mkuu. Ila tatizo lenu huko linajulikana, fimbo hakuna. Lete mwalimu wangu wa nidhamu wa Iringa wiki moja tu, hao wote watakaa kama wako kanisani.

Denti wa Mbagala

Mkuu, mimi nilichapwa shule ya msingi na sekondari, na bado niliruka daladala ikitembea. Fimbo ilikuwa shuleni, vurugu ilikuwa barabarani. Halafu dereva akimgusa mtoto huku, kabla hajafika yadi video imefika kwa mkurugenzi.

Kentucky walijaribu njia ya sheria. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya nidhamu ndani ya mabasi: mzazi anatia sahihi kanuni za basi, na dereva anayemwona mtoto ni hatari ana haki ya kukataa kumbeba mpaka hatua zichukuliwe. Hiyo haki ndiyo ninayoitamani mimi kuliko fimbo yako.

Anti Zuu

Hapa Dar shule nyingi za inglishi midiamu zina matroni ndani ya gari. Mwanangu ana matroni anayemjua kwa jina mpaka anajua chakula asichokula. Tatizo letu sisi ni jingine, mtoto anabebwa saa kumi na moja alfajiri analala dirishani, gari linazunguka mtaa mzima kuokota wenzake. Sikujua kama Marekani yenye kila kitu imeshindwa kuweka mtu wa pili kwenye basi.

Denti wa Mbagala

Dada, ni hesabu tu. Wakimlipa mtu wa pili kwenye kila basi bajeti inapasuka. Na kama dereva hapatikani kwa dola 23, msimamizi wa dola 16 kwa vipande vilevile vya siku utampata wapi? Nchi nzima huku mabasi ya shule ni kama laki nne na elfu themanini. Zidisha mwenyewe.

Kijana wa Thika

Huku Kenya sheria inataka basi la shule liwe la njano na inazuia kubeba wanafunzi usiku. Hiyo ya Louisville ya saa nne usiku, huku hata polisi wangelipiga mkono kwanza. Lakini nakuuliza: hao watoto waliofika usiku, mzazi alikuwa anaambiwa nini muda wote huo?

Denti wa Mbagala

Siku kama hiyo simu za ofisi ndizo za kwanza kuzidiwa. Mzazi anapiga shuleni anaambiwa mtoto ameondoka, anapiga ofisi ya usafiri laini haipitiki. Sasa uwe mzazi ambaye Kiingereza chenyewe unakiokoteza. Hapo hata laini ikipita hujavuka.

Mama Furaha

Ndugu yangu, nasoma kila siku hapa, siandikake. Leo naandika. Miye niko mama ya batoto batano, tulitoka Uvira, tukakaa kambi miaka kumi na tatu. Unasema kweli ya madereva, naona bale bazee banateseka. Lakini sikiliza na sisi bazazi.

Mutoto wangu wa mwisho balimupiga ku basi wiki mbili. Hakusema, juu Kiingereza ilikuwa bado inamushinda na dereva hasikiaki Kiswahili. Siku alirudisha ngumi, ni yeye balifukuza. Siku tatu bila basi. Karatasi balituma na Kiingereza na Kihispania. Miye niko kazi ku kiwanda cha nyama, naingia saa kumi na moja, sina gari. Siku tatu mutoto alikaa nyumba peke yake. Siku ya ine supavaiza akaniita, juu nilitoka mbele ya saa kumuangalia.

Ile haki ya kukataa mutoto unaitamani, ujue inaangukia nani.

Denti wa Mbagala

Mama Furaha, pole sana, na asante kwa kuandika. Nimekusoma mara tatu.

Sina cha kukupinga. Jambo moja nililojifunza kuhusu kile kioo ni kwamba huwa kinaona ngumi ya pili. Ya kwanza inapigwa wakati unatazama barabara, mtoto analia, wewe unainua macho, unachokiona ni anayejibu. Kamera zipo kwenye mabasi mengi sasa, lakini mtu lazima akae aitazame, na huyo mtu ndiye yuleyule mwenye trei ya fomu. Nimeshaandika fomu za ngumi ya pili. Sijui ngapi.

Ukipata nafasi, waambie shule wakuletee mkalimani, na karatasi za mtoto kwa lugha unayoisoma. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, si hisani. Na uombe kwa maandishi waangalie video ya siku zilizopita, siyo ya siku ile tu. Wakikuambia haipo, waulize hukaa siku ngapi kabla ya kufutwa.

Mama Furaha

Aksanti baba. Video sikujua kama inaombwaka.

Boksi Mstaafu

Mkuu mimi nauliza ya msingi. Niko huku miaka miwili, nina leseni ya kawaida. Naanzia wapi? Na hiyo leseni ya biashara ni ngumu kiasi gani kwa mtu aliyeendesha Fuso miaka sita Tanzania?

Denti wa Mbagala

Fuso itakusaidia kwenye kona, kwenye karatasi haitakusaidia kitu.

Unahitaji leseni ya biashara daraja B, pamoja na vibali viwili juu yake: cha kubeba abiria na cha basi la shule. Tangu Februari 2022 huwezi kwenda moja kwa moja kwenye mtihani, lazima upitie mafunzo kwa chuo au mwajiri aliyesajiliwa na serikali kuu. Usilipe mfukoni! Wilaya nyingi zinakufundisha bure na kukulipa ukijifunza, kwa sababu zina njaa ya watu. Kuna uchunguzi wa afya, alama za vidole, na kipimo cha dawa za kulevya. Hapo kwenye bangi wengi wanaangukia: hata kama jimbo lako limeihalalisha, kipimo ni cha serikali kuu, na ukifeli jina lako linaingia kwenye hifadhi ambayo kila mwajiri anaiangalia.

Mtihani unaowatoa jasho ni ukaguzi wa gari. Unazunguka na mtahini ukitaja kila kitu kwa Kiingereza na kusema unakiangalia nini. Nilikuwa nafanya mazoezi na mke wangu jikoni, friji ndiyo injini. Kwa upande wa basi la shule, serikali ilitoa ruhusa tangu Januari 2022 kwa majimbo kuruka ile sehemu ya ndani ya boneti, kwa sababu ya uhaba huuhuu. Si kila jimbo linaitumia.

Na jambo la karatasi za ukaazi liangalie mapema. Mwaka 2025 mambo yalikaza: ukaguzi wa Kiingereza kwa madereva wa magari ya biashara ulirudishwa kwa ukali, na Septemba serikali kuu ikatoa kanuni ya kupunguza aina za wageni wanaoweza kupewa leseni hiyo. Mahakama ikaingilia kati. Kabla hujaacha ghala nenda ofisi ya leseni ya jimbo lako na kibali chako mkononi, uliza. Usiulize humu, humu kila mtu ni mwanasheria.

Mtoto wa Mkwawa

Hahaha, mwanasheria nimekusikia.

Anti Zuu

Mkuu hujatumalizia. Wale vijana watatu wa Nyarugusu, ikawaje? Usitufanyie hivyo.

Denti wa Mbagala

Mmoja familia ilihamia Iowa. Wa pili bado anasema kofia yangu, sasa kwa Kiingereza, anadhani sijui.

Yule mkubwa nilimhamishia kiti cha mbele. Si adhabu. Wadogo wa kutoka kambini walikuwa wanapanda basi hawajui washuke wapi, analia mmoja wanalia wanne, na mimi siwezi kugeuka. Nikamwambia: wewe simama, hapana, usisimame, kaa, waulize hawa wanakaa karibu na nini. Akawa anawauliza kwa Kiswahili, ananiambia mimi. "Huyu anasema karibu na kanisa lenye mnara." "Huyu kwao kuna mbwa mweupe." Akawahesabu wakishuka. Mtoto akisahau begi anamrushia.

Miezi saba nilikuwa na konda. Hakuna aliyemwajiri, hakuna aliyejua, na kama ofisi ingejua wangekataa, kwa sababu mwanafunzi hatakiwi kubebeshwa kazi. Nadhani wako sahihi. Ni mtoto wa miaka 14, naye alistahili kukaa nyuma na kusema kofia za watu. Amekwenda sekondari, anapanda basi jingine.

Kijana wa Thika

Na hiyo barua iliyo kwenye droo?

Denti wa Mbagala

Ipo. Binti yangu ana pumu, na bima ni ya kazi hii. Kuna kampuni ya malori imenijibu wiki iliyopita, lakini bima yao inaanza baada ya miezi mitatu. Nahesabu.

Wakuu naaga, huku ni saa tatu usiku na alfajiri yangu ni ya mapema. Ofisi wametuma ujumbe sasa hivi nikiandika: ruti ya jirani haina mtu kesho, wananiomba niibebe pamoja na yangu. Sijawajibu bado.